Chupa ya Mikanju Saba

Pwo!

Mlio mdogo tu, kama wa kidole kinapochomolewa mdomoni mwa mtoto. Lakini Dorcas aliusikia akiwa kitandani, gizani, majogoo hayajawika. Aliujua. Lilikuwa gunzi la mahindi lililofanywa kizibo, linang'olewa shingoni mwa chupa.

Na nyumba ile haikuwa na chupa ya tembo la mnazi. Haikuwa nayo tangu masika.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita: mlangoni mwa jiko, miguu mitupu, mchi wa kinu ameuinua juu ya kichwa, na mbele yake kivuli kimejikunyata karibu na mafiga. Nyie mlioapa kuwa yule ni mwizi, jitayarisheni kuomba radhi.

"Nani wewe?" alisema Dorcas. "Sema, au nakutwanga!"

"Usipige, mama. Ni mimi."

Mchi ukabaki hewani. Ingelikuwa heri mwizi. Mwizi hupigiwa kelele, majirani wakaja na marungu, jambo likaisha. Mwanao utampigia kelele kwa nani?

Alipapasa kibiriti, akakiwasha, akakikinga kwa kiganja, maana taa zilikuwa zimekatazwa tangu vita visogee baharini. Mwanga ukamwonyesha Nzai, mwanawe wa kwanza, miaka kumi na mitano, darasa la sita katika skuli ya Mikanju Saba. Kaptura ya skuli ameshaivaa. Chupa iko mkononi. Kidevuni pana unyevu mweupe.

"Unakunywa nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya mikono."

Akainyosha. Kibiriti kilimuunguza Dorcas kidole kikazimika, lakini alikwisha kuona. Mikono ya kijana wa miaka kumi na mitano ilikuwa ikitetemeka kama ya kikongwe anayepokea sahani.

"Nisipopata mafunda mawili asubuhi kalamu haishikiki," Nzai alisema gizani. "Na mtihani ni Jumatatu, mama. Ningefanyaje?"

Kofi lilitoka lenyewe. Paa! La pili likafuata kabla la kwanza halijapoa.

"Baba yako yuko vitani kisiwani Bukini, risasi zinampita masikioni! Kila barua yake, kabla hajauliza kama nimekula, anauliza Nzai anasomaje. Nimjibu nini? Nimwambie mwanao anasoma lebo za chupa?"

Nzai hakujikinga. Hilo ndilo lililomtia mama yake hofu kuliko tembo lenyewe.

"Ni mgema gani aliyekuuzia? Nitajie jina lake tu. Nitamngoja apande, kisha niukate mnazi yeye akiwa juu!"

"Si mgema, mama."

"Nani basi?"

"Ni skuli."

Dorcas akaketi juu ya kinu kilicholala.

Mtakumbuka minazi ya Mikanju Saba. Ni minazi arubaini, na haikuoteshwa na serikali wala na misheni. Wazazi wenyewe waliipanda, kila mmoja mche wake, ili nazi zake ziwanunulie watoto vibao na vitabu. Katana, baba yake Nzai, alipanda miwili kabla hajavaa kofia ya askari. Mmoja wa Nzai, mmoja wa dada yake Nyamvula aliyekuwa hajajua hata kutambaa.

Sasa Nzai alimweleza mama yake kwa nini minazi ile haizai. Inagemwa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Kazungu, aliiweka mikononi mwa mgema wake mwaka jana. Na kila alasiri, ikifika saa ya kazi za mikono, wakati wenzao wa skuli nyingine wanasuka mikeka na kupalilia mihogo, wavulana wa Mikanju Saba hutwikwa vibuyu wakavipeleka kwa watu wanaochimba mahandaki kule nyuma ya shamba la mkonge.

"Kubeba ni kubeba," alisema Dorcas. "Punda wa maji hubeba maji na hafi kwa kuzama. Nani alikwambia ufungue kinywa?"

"Wanunuzi, mama. Si unajua desturi?"

Aliijua. Nani kwetu asiyeijua? Mtu mzima hapokei tembo kutoka mkono wa mwingine likaenda kinywani moja kwa moja. Aliyelileta hulionja kwanza, funda moja, mbele ya macho ya watu, kuonyesha kuwa hamna sumu wala uchawi ndani. Ndiyo heshima. Baba yake Dorcas alikuwa akifanya hivyo na mjomba zake, na wote walikuwa wazee wenye mvi, tena siku ya mazishi au ya mahari, siku moja katika mwezi.

"Wale wachimbaji wametoka kila pembe, hawatuamini," Nzai akaendelea. "Kila kundi linataka lione. Mwalimu akasema, basi mbebaji aonje. Kila kibuyu, kila kundi. Siku nyingine naonja mara thelathini, mama, juani, na tumbo halina kitu. Kwanza nilikuwa natapika. Kisha nikaacha kutapika. Kisha siku za Jumamosi, hakuna skuli, nikawa naumwa kichwa naitafuta skuli."

"Mwaka mzima! Na ulimi wako ulikuwa wapi usiniambie?"

"Mwalimu alisema hiyo ndiyo kazi ya wanaume, na asiyeiweza akavae leso."

"Na wote mkaiweza?"



"Mwenzangu Charo alikataa. Siku ile ile ya kwanza. Aliweka kibuyu chini akasema, mimi sikuja kuonjea watu sumu, nimekuja kusoma. Mwalimu alimchapa mpaka fimbo ikapasuka. Akampa vyoo afagie, na mpaka leo anafagia. Wanamwita Bwana Choo. Wakimwita anaitika, 'Naam, nani amebanwa?' Anaendelea na fagio lake. Mimi sikuogopa fimbo, mama. Nilijua wangenicheka."

"Charo hana baba, hana mama, analala kwa bibi yake kipofu, na ana uti wa mgongo! Wewe una sisi wote wawili, na umepinda kama mshipi!"

Maneno yalikuwa yameshatoka. Dorcas alitamani kuyadaka kama mtu anavyodaka bakuli linaloanguka mezani, lakini bakuli lilikuwa limefika sakafuni. Nzai aliinamisha kichwa magotini. Mabega yakaanza kucheza.

Akamvuta. Akamkumbatia na harufu yake ya tembo, kijana mzima mwenye sharubu zinazochungulia, akamshika kama alivyomshika siku ya kwanza alipomwona.

"Sikiliza," alisema. "Mguu uliovunjika huungwa, na mkono unaotetemeka utatulia. Lakini aliyekuvunja nitamwona leo. Mnabeba tena alasiri hii?"

"Sisi la. Darasa la sita tumepumzishwa wiki hii kwa ajili ya mtihani. Hili nililichota jana jioni katika stoo ya majembe."

"Ala! Na vibuyu vya wiki hii anabeba nani?"

Nzai akafungua kinywa kujibu.

"Hodi! Hodi hapa!"

Mlango ulikuwa unagongwa.

Alikuwa ni Charo mwenyewe, amesimama katika weupe wa alfajiri, mwembamba kama ufito, karatasi mkono huu na kichupa cha wino mkono huu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini, jua halijatoka?"

Charo alitazama vidole vya miguu yake, akasema kama mtoto anayesoma shairi alilolazimishwa. "Mwalimu Kazungu anakusalimu. Anasema hii ni karatasi ya mtihani wa Nzai. Utie dole gumba hapa chini, nimrudishie kabla ya mkutano wa wazazi."

"Mkutano gani?"

"Wa leo saa mbili. Wazazi wote waliitwa jana."

"Mimi sikuitwa."

"Najua, mama." Kisha akainua macho. "Nimeambiwa niseme ni karatasi ya mtihani. Sikuambiwa nikuzuie kuisoma."

Mwaka jana Dorcas angelitia dole. Angelipaka wino, akashukuru, akampa mtoto wa watu kitumbua kwa usumbufu. Lakini tangu Katana aende vitani amekuwa akienda darasa la jioni kanisani, mara mbili kwa wiki, baada ya kuosha vyombo, kwa sababu moja tu: amechoka kusomewa barua za mumewe na watu wa nje. Hilo Mwalimu Kazungu hakulijua. Kwake yeye mama muuza vitumbua ni dole gumba lenye miguu.

Akaipeleka karatasi kwenye mwanga wa mlango, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Mimi... mama yake... Nzai wa Katana... nakiri... ya kuwa mwanangu... amezoea ulevi... kwa sababu ya tembo... la kuumulia vitumbua... ninaloliweka nyumbani kwangu. Nakubali... aondolewe skuli... leo hii... wala asifanye mtihani."

Alisoma mara ya pili, upesi zaidi. Mara ya tatu hakuhitaji kidole.

"Kwa nini leo?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu, nayo ilimtisha Nzai kuliko makofi.

"Mkaguzi wa skuli anafika Jumatatu," Charo akajibu. "Ametanguliza barua. Ati kuna mtu amemwambia wanafunzi wa hapa wananuka tembo. Mwalimu anataka akifika akute mlevi alikuwa mmoja, na ameshafukuzwa."

"Mmoja! Mwanangu!"

Hapo akazinduka msichana mdogo aliyelala nyuma ya pazia la gunia. Ni Nyamvula, miaka saba, darasa la kwanza, meno mawili ya mbele yako safarini.

"Mama, kumekucha? Mbona hukuniamsha? Leo nina zamu."

"Zamu ya kufagia itangoja. Nawa uso, vaa gauni."

"Si ya kufagia, mama, ni ya..."

"Nyamvula! Nimesema nawa uso. Twenda sote."

Dorcas alirudisha gunzi shingoni mwa chupa, akalisukuma ndani kwa kisigino cha mkono. Karatasi akaikunja akaitia kifuani. Vitumbua siku ile havikupikwa. Unga uliachwa ububujike peke yake mpaka ukamwagika.

Kichochoroni walikutana na Bi Mwanatatu, jirani yao, mama wa Kiislamu mwenye ulimi wa kiwembe na moyo wa halua.

"Yakhe, Mama Nzai! Na chupa mkononi asubuhi yote hii? Umelirudia tembo, na mimi nilikupa chachu yangu bure?"

Maana ndiye yeye. Masika yaliyopita alimwambia Dorcas aache kuumulia vitumbua kwa tembo, aweke akiba ya unga wa jana kama wafanyavyo wao, hata wateja wa Kiislamu wapate kununua. Dorcas akafuata, na tangu hapo hakuna tone la tembo lililopita mlango wake. Mpaka alfajiri ile.

Alimweleza yote wakiwa wanatembea. Bi Mwanatatu alisimama katikati ya njia.

"Wallahi? Amesema ni tembo la vitumbua? Vitumbua ninavyokula mimi kila asubuhi na kuwapa wajukuu zangu?" Akajifunga buibui. "Ati nimelishwa tembo miezi saba! Skuli ya misheni sijaiingia tangu nizaliwe. Leo naiingia, na atanijua."

Wazazi walikuwa wamekwisha kujaa katika chumba cha darasa la sita, watu wazima wamejibana katika madawati ya watoto, magoti yamewafika videvuni. Wanafunzi walipangwa ukutani. Mezani aliketi Mzee Ruwa, mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye haki lakini mzito wa kugeuka, kama jahazi lililopakia. Kando yake Mwalimu Kazungu amesimama, suti nyeupe, viatu vinang'aa, sauti ya asali.

"...na kwa huzuni nawaambieni kuwa mama yake amekwisha kukiri kwa dole lake mwenyewe. Karatasi inakuja sasa hivi."

"Imekuja!" alisema Dorcas mlangoni.

Vichwa viligeuka. Mwalimu alitabasamu kama mtu aliyeona mbuzi ameingia kanisani.

"Aa, Mama Nzai. Karibu. Ungemtuma Charo tu, usingejisumbua."

"Nimekuja kukuletea sauti yake. Dole halina sauti." Akaikunjua karatasi, akaisoma mbele za watu, neno kwa neno, hakujikwaa popote. Alipofika "nakubali aondolewe skuli leo hii," baba mmoja nyuma alisema, "He! Mama vitumbua anasoma!"

Tabasamu la Mwalimu likapungua kidogo, likarudi.

"Amesoma vizuri. Pongezi. Lakini, wazee, kuna neno la uwongo humo? Nani hapa hajui vitumbua vya Mama Nzai? Vinaumuka kwa nini? Kwa sala?" Watu wakacheka. "Mimi mwenyewe navipenda. Nikila vitatu nasahau njia ya nyumbani!"

Wakacheka zaidi. Dorcas alikitazama kicheko kile kikipita dawati hadi dawati, akaelewa kwa mara ya kwanza kilichompinda mwanawe. Yeye mtu mzima, mama wa watoto wawili, alikuwa anautafuta mlango kwa macho.

"Acheni kicheko hicho!" Bi Mwanatatu alipaza sauti. "Mimi, Mwanatatu, nimempa chachu ya unga kwa mkono wangu. Hatumii tembo tangu masika. Mwongo na alaaniwe!"

"Shikamoo, bibi," Mwalimu alisema kwa adabu kubwa. "Wewe ni Mwislamu safi, hujapata kulionja. Ukilishwa ndani ya kitumbua utalijuaje?"

Bi Mwanatatu alijivutia buibui kinywani. Haikupata kumtokea tena maishani, na aliyemfanyia hivyo hakumsamehe.

"Sasa nisikilizeni mimi," alisema Dorcas. "Mnashangaa kwa nini vibao vya watoto vimepasuka na hakuna vipya? Minazi mliyoipanda inagemwa. Watoto wenu wanabeba tembo lake kila alasiri, na wanalionja kila kibuyu, ndivyo alivyowaamuru mwalimu wenu. Mwanangu analewa. Nasema mbele zenu, sioni haya, analewa, mikono inamtetemeka. Lakini hakujifunzia kwangu. Alijifunzia hapa, katika saa ya somo, kama wengine wanavyojifunza hesabu!"

Chumba kilivuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe.

"Wanafunzi!" Mwalimu Kazungu akageukia ukutani, sauti bado ya asali. "Aliyewahi kunywa tembo katika skuli hii, ainue mkono."

Wavulana kumi na wanane wa darasa la sita waliangalia dari. Hakuna mkono. Nani ainue, na mtihani ni Jumatatu, na fimbo iko mezani?

Nzai aliinua wake. Ulikuwa unatetemeka, akaushika kwa mkono wa pili, akauacha juu.

"Huyo tunamjua," alisema Mwalimu. "Mwingine?"

"Mimi sikunywa," Charo alisema, akatoka mstarini. "Kwa sababu nilikataa. Ndiyo maana nafagia vyoo. Mimi si hodari kuliko wao, Mzee Ruwa. Bibi yangu hunishika kinywa akaninusa kila jioni, maana haoni. Nilijua nikinywa atajua, na hana mwingine wa kumnusa. Wenzangu wote wanaonja."

"Mfagia vyoo ana chuki na aliyempa fagio," Mwalimu akajibu, na watu walicheka tena, ingawa kicheko kilikuwa na tundu sasa.

"Mama, tuhurumie!" alisema mzazi mmoja, jasho linamtoka. "Mtihani ni Jumatatu! Ukileta fitina skuli ikafungwa, watoto wetu kumi na saba watakosa pamoja na wako. Mmoja akitoka, wengine wakapona, si afadhali?"

"Afadhali kwa nani?" Dorcas alimgeukia. "Wako yupi? Yule mrefu? Mwambie anyoshe mikono. Sasa hivi, mbele yako. Anyoshe!"

Yule kijana mrefu aliificha mikono nyuma. Baba yake aliona. Akaketi, asiseme tena.

Dorcas alikwenda mpaka mezani, akaitua chupa. Ko!

"Hili mwanangu alilichota jana jioni katika stoo ya majembe ya skuli hii. La minazi yenu."

"Hiyo ni chachu yake ya vitumbua," Mwalimu akasema upesi mno. "Imekaa siku tatu, kali kama siki. Msihadaike."

Mzee Ruwa akainua kiganja.

"Hilo halihitaji ushahidi wa watu," alisema polepole. "Mimi nilikunywa tembo kabla sijabatizwa, na Mungu ananijua, hata baada. La siku tatu na la jana jioni ulimi wangu unayatenga gizani. Likiwa chachu, mtoto anatoka na mama anatuomba radhi. Likiwa la jana, basi, Mwalimu, stoo ya majembe tutaifungua sote, na Jumatatu wewe ndiye utakayemweleza Mkaguzi."

Kwa mara ya kwanza Mwalimu Kazungu alitoa kitambaa akajifuta paji.

Yote yalikuwa sasa juu ya funda moja. Mtihani wa Nzai, jina la Katana kule Bukini, miaka sita ya kuamka gizani kusaga unga. Mzee Ruwa alinyosha mkono kuishika chupa. Kisha, kama mtu aliyeitwa na mababu zake, akaurudisha.

"Lakini desturi ni desturi," alisema. "Haliendi kinywani mwa mzee kabla halijaonjwa. Aonje mmoja kwanza."

"Nitaonja mimi niliyelileta," alisema Dorcas, akanyosha mkono.

Hakuifikia.

Miguu midogo ilipita chini ya kiwiko chake, pata pata pata, ikitoka nyuma ya buibui la Bi Mwanatatu. Kitoto cha darasa la kwanza, gauni limepigwa kiraka begani, kilifika mezani kikapiga magoti kama kinachosali. Kiliichukua chupa kwa mikono miwili. Kikafuta mdomo wa chupa kwa pindo la gauni, mara moja, mara mbili, bila haraka, bila kufundishwa na mtu pale. Kikatia dole chini ya gunzi, mahali pake hasa.

Pwo!

Hakuna aliyecheka. Ukutani watoto wengine wanne wa darasa la kwanza walikuwa wanamtazama kwa makini, kama wanaohakikisha kuwa hakosei.

"Nyamvula," alisema Dorcas.

Msichana hakumwangalia mama yake. Aliinua uso kwa Mwalimu Kazungu, pengo la meno likaonekana, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mwalimu, leo ni zamu yangu."